Saa mbili za mtindo wa Monticello: ya ukutani inafaa, ya mezani ni pambo tu

Mwishoni mwa mwaka 1824, mwanasiasa Daniel Webster alimtembelea Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, katika jumba lake la Monticello, Virginia, kisha akaandika kwamba mzee huyo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 81, huamka mara tu anapoweza kuiona mishale ya saa inayokabili kitanda chake. Saa hiyo ilitengenezwa Paris mwaka 1790 kwa mchoro wa Jefferson mwenyewe: minara miwili myembamba ya marumaru nyeusi, yenye ncha kama ile ya Misri ya kale, na katikati yake saa. Kwa hiyo, nilipoagiza saa mbili za mapambo zilizoigwa kutoka jumba hilo, niliona kipimo cha haki ni kile kile cha mwenye nyumba: je, mtu aliyelala anaweza kuisoma alfajiri?

Ya mezani imeshindwa. Kwa mbali inavutia, na wageni huisifu kabla hawajaketi, lakini ukiinyanyua unatambua kwa wepesi wake kwamba minara hiyo ni resini iliyopakwa rangi. Kwa bei niliyolipa sikutarajia marumaru, na hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba uso wa saa ni wa rangi ya dhahabu na mishale nayo ni ya dhahabu, tena myembamba kama sindano ya kushonea. Kwa asubuhi tatu mfululizo nimeitazama kutoka kitandani kunapopambazuka, nikaona mng'ao mzuri pasipo kujua ni saa ngapi. Usiku, mshale wa sekunde hugonga kwa sauti inayosikika hadi varandani. Nilipowaandikia wauzaji, walinijibu kwa adabu kwamba bidhaa hiyo ni pambo kwanza, saa baadaye. Mtu aliyeichora ile ya asili ili imwamshe angeshangaa.

Ya ukutani ni habari nyingine kabisa. Imeigwa kutoka ile saa kubwa iliyo juu ya mlango wa ukumbi wa kuingilia Monticello, ambayo ina nyuso mbili. Uso wa ndani huonyesha saa, dakika na sekunde, na vizito vyake, mfano wa risasi za mizinga, hushuka ukutani vikipita alama za siku za juma. Kwa kuwa ukumbi haukuwa na kimo cha kutosha, sakafu ilitobolewa, na Jumamosi ikaangukia chumba cha chini. Uso wa nje una mshale mmoja tu, wa saa, na juu ya paa kuna upatu uliohesabu saa kwa watu waliokuwa mbali shambani, wengi wao watumwa wa Jefferson, ambao hawakuulizwa kama wanahitaji kujua wakati. Karatasi iliyomo ndani ya boksi inasifu ubunifu wa mwenye nyumba na kuwanyamazia hao waliokuwa wakiusikia upatu. Ningependa irekebishwe.

Wauzaji wameiga uso huo wa nje, pamoja na mshale wake mmoja, na hapo ndipo walipofanya jambo la busara. Mshale ni mpana, mweusi, juu ya uso mweupe, na robo za saa zimechorwa pembezoni, hivyo mtu hukadiria dakika kwa jicho bila kukosea sana. Siku ya kwanza mwanangu aliuliza mshale mwingine umevunjikia wapi. Sasa ameuzoea, na kwa kuwa nyumbani tunahesabu saa kwa Kiswahili, mshale ukisimama kwenye nane yeye hutangaza saa mbili bila kusita. Mashine yake ya betri haina kelele, na kwa wiki sita haijapoteza muda unaoweza kutambulika, ingawa kwa saa isiyo na mshale wa dakika sifa hiyo ni rahisi kuipata.

Kasoro yake ni ndoano ya nyuma, ambayo ni bati jembamba; nimeibadilisha kwa msumari na waya wangu mwenyewe, na yeyote atakayeinunua ningemshauri afanye vivyo hivyo kabla ya kuitundika juu ya kichwa cha mtu.

Hiyo ya ukutani ndiyo inayokabili kitanda changu sasa. Ile ya minara nimeihamishia sebuleni, juu ya kabati la vitabu, na betri nimeitoa.