Bomba la risasi au la udongo? Maji katika nyumba ya Mrumi

Kwa bei, bomba la udongo wa kuchoma lilishinda bila ubishi. Madini ya risasi yalikuwa ghali na mazito: Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anasema bomba la futi 10, lililokunjwa kutoka bamba lenye upana wa wanda 5 (wanda ni upana wa kidole), lilikuwa na ratili 60 za Kirumi, yaani kama kilo 20. La wanda 100 lilifika ratili 1,200!

Matengenezo nayo yaliupendelea udongo, kwani mtu yeyote aliweza kuziba palipovuja. Shida ilikuwa kwenye maungio. Ncha moja ilichongoka ili iingie kwenye bomba linalofuata, kisha ikapakwa chokaa isiyozimwa iliyokandwa kwa mafuta. Ukuta wa bomba usipungue wanda 2. Siku ya kwanza maji yalifunguliwa polepole, yakitanguliwa na majivu ya kuziba nyufa. Ukiwa na pupa, hewa iliyonaswa ndani inapasua kila kitu.

Risasi ilipinda kwa urahisi na kufuata kona za mjini, ila ilitoboleka pia. Frontinus, msimamizi wa maji ya Roma tangu mwaka 97 BK, alilalamikia wezi waliotoboa mabomba chini ya barabara.

Afya? Vitruvius aliona mafundi wa risasi wamepauka, akashauri udongo. Hata hivyo, maji yenye chokaa nyingi yalijenga utando ndani ya bomba, sumu ya risasi ikapungua.

Mwenye shamba mtelemkoni, udongo ulimtosha. Mwenye bafu mjini alihitaji risasi, na mfuko mnene.