Sigma 150-600mm Contemporary kwa ndege wa bustanini

Sababu ya kununua lenzi hii, iliyotoka mwaka 2015, ni zile milimita 600, yaani uwezo wake wa kumvuta ndege wa mbali aonekane karibu. Kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), shomoro akiwa mita 5 tu fremu hushika upana wa sentimita 30 hivi, na unyoya mmoja mmoja huhesabika.

Mwanga ndio udhaifu wake. Ikifika 600 tundu la kupitisha mwanga haliwi kubwa kupita f/6.3, hivyo chini ya miti ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) hupanda na fokasi husitasita. Usifidie kwa kupunguza kasi ya shata: 1/500 ya sekunde kwa ndege aliyetulia, 1/2000 kwa anayeruka. Kiimarishaji cha lenzi, kinachopunguza mtikisiko, hutuliza mkono wako, hakimtulizi ndege!

Ndege akiwa mbali, peleka swichi ya fokasi kwenye mita 10 na kuendelea, la sivyo itanasa vijiti vya karibu.

Uzito unakaribia kilo 2. Stendi ya mguu mmoja husaidia sana. Ukitembea nayo ikining'inia, mrija wa zumu huteremka wenyewe, kwa hiyo funga kufuli lake. Picha za asubuhi, kabla ardhi haijapata joto, hutoka kali kuliko za mchana.