Simu ya barua pepe za kazini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ijumaa moja, saa nne kasoro asubuhi, iliingia barua pepe ofisini kwetu. Sisi ni mawakala wa forodha, tunatoa mizigo ya wateja bandari ya Dar es Salaam, na barua ile ilidai jambo moja tu: jina la mpokea mzigo kwenye hati ya shehena lirekebishwe kabla ya saa saba mchana. Mwenzangu aliyeshika kontena lile alikuwa bandarini tangu saa mbili, simu mkononi, bando lipo. Simu haikulia. Saa tisa alipofungua mwenyewe programu ya barua, ndipo barua za siku nzima zikamiminika kwa mpigo. Marekebisho yakafanyika Jumatatu, na mteja akalipia siku za kuhifadhi kontena ambazo hazikupaswa kuwepo.

Simu ilikuwa mpya, ina miezi mitatu, kamera tatu mgongoni, kioo kipana. Haikuwa mbovu. Ililaza programu ya barua pepe ili kuokoa chaji, kama ilivyopangwa kiwandani. Tangu hapo, mtu akiniomba nimsindikize Kariakoo kununua simu, jambo la kwanza ninalolitazama ni kama barua itaingia dakika ile ile ilipotumwa. La pili ni miaka mingapi simu itaendelea kupata masasisho. Chaji ya kutwa na nafasi ya laini mbili vinafuata. Kamera naiweka mwisho, kwa sababu kwa kazi ya kupiga picha hati na kuituma, karibu simu zote za sasa zinatosha.

Bei siziandiki hapa. Mtaa wa Aggrey simu moja utaikuta na bei tatu ndani ya hatua hamsini, na wiki ijayo zote zimebadilika. Nitazipanga kwa jinsi ninavyozishauri, nawe upime na mfuko wako.

Ya kwanza: Samsung Galaxy A16

Ilitoka mwishoni mwa 2024 na ndiyo ninayoitaja kabla mtu hajamaliza kuuliza. Sababu kubwa ni moja: Samsung iliiahidi matoleo mapya sita ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama. Kwa simu ya daraja la kati hilo ni jambo zito. Ofisi nyingi siku hizi hazikuruhusu kuingiza barua ya kazi kwenye simu yenye Android iliyopitwa, na programu zenyewe za barua huacha kuhudumia matoleo ya zamani. Simu ikikoma kusasishwa baada ya miaka miwili, unanunua nyingine wakati kioo na betri bado ni vizima.

Kioo chake ni AMOLED cha inchi 6.7, kinasomeka vizuri hata ukiwa juani getini unasubiri lori. Betri ni mAh 5000, inavuka siku ya kazi. Ina kinga ya IP54, maana yake inavumilia vumbi na manyunyu, ila usiitumbukize majini. Kasoro yake ni chaji ya wati 25, ambayo haina haraka, na boksini mara nyingi utakuta kebo bila kichwa cha chaja, kwa hiyo kitie kwenye hesabu kabla hujaanza kupatana bei. Epuka toleo la RAM (kumbukumbu ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi) ya GB 4 kama unatumia barua pepe, WhatsApp na mafaili ya PDF kwa pamoja. Litaanza kukwama mapema. Chukua GB 6 au 8.

Ukiikuta A17, mrithi wake wa 2025, na tofauti ya bei ikiwa ndogo, ongeza uichukue.

Samsung nayo hulaza programu. Ingia Setingi, sehemu ya betri, utaona orodha ya programu zilizolala na nyingine ya zile zisizolazwa kamwe. Weka Gmail au Outlook kwenye hiyo ya pili. Ni kazi ya dakika moja, na kwenye Samsung ukishaiweka inakaa.

Ya pili: Redmi Note 13

Hii ni ya 2024. Kioo cha AMOLED chenye mwendo wa herzi 120, betri mAh 5000, chaji ya wati 33 na kichwa chake boksini. Ukishika hii na A16 kwa pamoja dukani, huenda Redmi ikakuvutia zaidi. Ukisukuma orodha ya barua kwa kidole inateleza bila kukatika. Redmi Note 14 ya 2025 iliongezewa betri hadi mAh 5500.

Kilichoishusha kwangu ni ukali wa mfumo wake wa kuokoa chaji. Xiaomi, wenye chapa ya Redmi, wanataka uiruhusu programu mara mbili: kwanza ijiwashe yenyewe, pili isiwekewe kizuizi cha betri. Ukifanya moja ukasahau nyingine, barua zitachelewa, tena zitachelewa bila mpangilio, leo zinafika na kesho hazifiki, hadi uamini kwamba tatizo ni mtandao. Mtu mwenye subira ya kuingia Setingi ataifurahia. Mtu atakayeipokea kama zawadi na kuanza kuitumia hapo hapo, mnunulie Samsung.

Ya tatu: Infinix Note 40, na ndugu zake wa Tecno

Infinix, Tecno na itel zote ni za kampuni moja ya China, Transsion ya Shenzhen, iliyojijenga hasa kwa kuuza simu Afrika. Ndiyo maana zinatufahamu: laini mbili, betri kubwa, chaji ya haraka. Note 40 ya 2024 inachajiwa kwa wati 45, na hata bila waya kwa sumaku. Kwa anayeishi mtaa ambao umeme unakatika na kurudi, nusu saa ya umeme ikampa chaji ya kumaliza siku, hilo ni faida anayoiona kila wiki.

Faida nyingine ni fundi. Transsion wana vituo vyao vya Carlcare, na vioo vya Tecno na Infinix utavikuta kwa mafundi hadi wilayani. Dada yangu yuko mkoani, na simu yake ikianguka hasubiri kipuri kutoka Dar.

Imekuja ya tatu kwa sababu ya masasisho. Note 40 iliahidiwa matoleo mawili tu ya Android, na simu nyingi za bei ya chini za familia hii hupewa pungufu ya hapo. Pia zinakuja na programu nyingi za kiwandani na matangazo yanayojitokeza kwenye arifa, yakajichanganya na barua za kazi. Siku ya kwanza kaa nayo: zima arifa za kila usichokihitaji, ondoa kinachoondoleka, kisha ruhusu programu yako ya barua ijiwashe yenyewe na iondolewe kizuizi cha betri.

Hapa kuna jambo la kulikodolea macho, na si kwa Infinix pekee. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii RAM 16." Boksi nalo limeandikwa 16GB kwa herufi kubwa. Igeuze usome maandishi madogo: 8 + 8. Nane za kwanza ndizo RAM. Nane za pili zimekopwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Zinasaidia kidogo programu zisijifunge, lakini usilipie 16 wakati umepata 8.

Ya nne: iPhone 11 ya mtumba

Najua wengi ndiyo wanayoitaka. Ina mazuri yake kwa kazi: ni ya 2019, lakini mwaka 2025 bado ilipata iOS 26, wakati XR na XS ziliachwa. Barua zinafika kwa wakati bila kugusa setingi za betri. Tahadhari moja: ukiweka akaunti ya Gmail kwenye programu ya barua ya Apple yenyewe, inakwenda kuchukua barua kwa vipindi badala ya kuzipokea papo hapo. Pakua programu ya Gmail au Outlook, tatizo linaisha.

Hatari iko kwenye ununuzi. Afya ya betri ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu kwamba unanunua na betri mpya. Na ikisoma 100 kwenye simu ya 2019, jua betri imebadilishwa. Uliza betri hiyo ni ya kampuni gani. Ingia Setingi, kwenye ukurasa wa habari za simu: kioo au betri isiyo ya Apple huandikwa pale kama kipuri kisichotambulika. Hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa, mbele ya macho yako, kwa kuifuta simu na kuianzisha upya hapo hapo kaunta. Muuzaji akisema "hiyo tutaitoa baadaye", rudisha simu, ondoka.

Kuhusu laini, iPhone 11 nyingi zina tundu moja tu, ya pili ni eSIM, laini isiyo na kadi. Mwenye M-Pesa kwenye laini moja na Airtel Money kwenye nyingine akaulizie eSIM kwa mtandao wake kabla ya kulipa. Na ukishawishiwa kupanda hadi iPhone 14 au ya juu zaidi iliyotoka Marekani, ujue zile hazina tundu la laini kabisa.

Ya tano: Samsung Galaxy A06

Kwa mfuko mdogo. Kioo chake si kikali na prosesa yake ni ya kawaida sana, ila ina betri mAh 5000, na iliahidiwa matoleo mawili ya Android na miaka minne ya masasisho ya usalama. Kijana anayeanza kazi, barua ishirini kwa siku, itamfaa.

Chini ya hapo, zile za RAM GB 2 au 3, sizishauri kwa kazi. Fungua PDF ya kurasa kumi huku unaongea na mteja kwa simu, urudi kwenye barua uliyokuwa unaandika: imefutika, unaanza upya. Google Pixel za mtumba nazo zimejaa Kariakoo na kamera zake ni nzuri kweli, lakini Google haina duka wala kituo cha huduma hapa kwetu, na Pixel 6a imekuwa na tatizo la betri kiasi cha Google wenyewe kuipunguzia uwezo wa chaji kwa sasisho. Niliacha kuzipendekeza.

Jaribio la kaunta

Ukishachagua, usitoe pesa bado. Piga *#06#, namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zitokee, uzilinganishe na za kwenye boksi tarakimu kwa tarakimu. Tuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, majibu yatakuambia ni simu gani iliyosajiliwa kwa namba ile. Jina likija tofauti na simu uliyoshika, ni feki. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki Juni 2016 na utaratibu huo wa kukagua bado upo, hauna sababu ya kuuruka.

Kisha weka laini yako mwenyewe, zote mbili. Ingiza barua pepe yako. Ruhusu programu isilazwe kama nilivyoeleza, zima kioo, iache kwenye kaunta. Muombe mtu ofisini akutumie barua yenye kiambatanisho baada ya dakika kumi na tano. Wewe kunywa maji, ongea na muuzaji, usiiguse simu. Ikilia yenyewe, umemaliza. Isipolia, rudi kwenye setingi ujaribu tena; isipolia mara ya pili, chukua nyingine. Wauzaji wazoefu hawakatai. "Kaa tu bosi wangu, kiti hicho," aliniambia mmoja, akaendelea na wateja wengine. Anayekukimbiza kabla hujajaribu, maduka ni mengi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kadi ya waranti yenye IMEI iliyoandikwa juu yake.

Jambo la mwisho halihusu chapa. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, na hizo zinagawanywa kati ya barua, picha na Drive. Nakala ya WhatsApp kwenye Android nayo sasa inahesabiwa humo. Zikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Anayekuandikia atarudishiwa ujumbe wake, wewe hutaona kitu. Kwa hiyo siku ile ile unaponunua simu mpya, usiruhusu picha na video zipande kwenye akaunti ya kazi. Fungua akaunti ya pili kwa ajili ya picha za familia na WhatsApp, na ile ya kazi iachie barua peke yake.

Mwenzangu wa lile kontena sasa anatumia A16 ya GB 8. Gmail iko kwenye orodha ya zisizolazwa, na kila Ijumaa asubuhi kabla hajatoka kwenda bandarini ananiomba nimtumie barua moja tupu, aisikie ikilia.