MAME na mimi: mchezo umevunjika au umesahihishwa?

Nimekaa miaka mingi na MAME, emuleta (programu inayoiga mashine nyingine) inayofufua kwenye kompyuta michezo ya zamani ya mashine za sarafu, tangu siku zile ambapo kuiendesha kulikuwa ni kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Mvutano kuhusu mustakabali wake, kati ya wanaotaka usahihi na wanaotaka kucheza tu, umenifikia hata mimi mtumiaji wa kawaida, na nina upande wangu.

Nianze na usiku ulioniudhi. Nilipakua toleo jipya, nikaliweka juu ya lile la zamani, nikachagua mchezo niliokuwa nimeucheza jana yake. Badala ya mchezo ikatokea orodha ya mafaili, kila moja limeandikiwa kwamba halikupatikana. Romu zangu, yaani nakala za data iliyomo kwenye chipu za mashine halisi, zilikuwepo zote, hakuna niliyoigusa. Kilichobadilika ni ujuzi wa emuleta yenyewe: mtu aliisoma upya bodi ya mashine ile, akakuta chipu ambayo haikuwa imenakiliwa, na kuanzia toleo hilo chipu hiyo ikawa ya lazima. Kwa msanidi hayo ni masahihisho. Kwa mchezaji, mchezo umevunjika.

Ukiuchimba ugomvi wote, mzizi wake uko hapo. Wasanidi hawajaficha nia yao. Nyaraka zao zinasema kazi ya MAME ni kuhifadhi historia, na kwamba mchezo ukichezeka, huo ni ushahidi kuwa walichokiandika kuhusu mashine ni sahihi. Wachezaji wengi tulikuja kwa sababu nyingine kabisa: tulitaka kucheza.

Nicola Salmoria alipotoa toleo la kwanza mwezi Februari 1997, michezo yake ilihesabika kwa vidole. Leo ni maelfu. Mwaka 2015 MAME ikaunganishwa na ndugu yake MESS, emuleta ya kompyuta na vifaa vya nyumbani, na kompyuta za zamani, vikokotoo na mashine za kuchezea nyumbani zikaingia kwenye orodha moja na mashine za sarafu. Wapo ambao hawajalimeza jambo hilo hadi leo. Mimi huchuja orodha kwenye menyu ibaki michezo niliyo nayo tu, basi, naendelea. Mwaka 2016 leseni nayo ikabadilika: ya zamani ilikataza biashara, ya sasa ni ya programu huria kamili. Naiunga mkono bila kusita. Makumbusho yanayotoza kiingilio yasiwe na hofu ya kuwasha mashine ya zamani mbele ya watoto.

Mvutano unaoniuma zaidi ni wa kasi dhidi ya usahihi. Matoleo mapya hula nguvu zaidi ya prosesa, kwa hiyo wenye kompyuta ndogo za bodi moja kama Raspberry Pi wengi wamebaki na toleo 0.78 la mwaka 2003, na wengine wamehamia FinalBurn Neo, emuleta nyingine iliyo nyepesi. Siwalaumu. Mimi pia nina folda mbili: moja ya 0.78 kwa kompyuta yangu ndogo, nyingine ya toleo jipya kwa kompyuta kubwa, na romu zake sizichanganyi kamwe.

Lakini ukiniuliza kazi yenyewe ielekee wapi, nasema usahihi utangulie. Chukua Mortal Kombat, mchezo wa mapigano. Mashine yake halisi huchora picha karibu mara 54.7 kwa sekunde, ilhali skrini nyingi za kawaida huchora mara 60. Ukiulazimisha mchezo ufuate skrini, picha inateleza vizuri, ila mpinzani anakuwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 10. Nilicheza hivyo muda mrefu bila kujua. Nilipoirudisha kwenye kasi yake, ngumi nilizokuwa nikizichelewa nikaanza kuzikinga. Picha inakwamakwama kidogo wahusika wanapotembea, nami nimekubali.

Kisha kuna CPS-2, bodi za mashine za sarafu za kampuni ya michezo ya Capcom. Programu za michezo yake zilifichwa kwa usimbaji, na funguo za usimbaji huo zilikaa kwenye kumbukumbu iliyotegemea betri; betri ikiisha, bodi imekufa. Usimbaji huo ulivunjwa mwaka 2007 na Salmoria mwenyewe pamoja na Andreas Naive. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu anayetafuta njia ya mkato ili mchezo ufunguke haraka. Hufanywa na mtu anayetaka kujua mashine ilikuwaje.

Ninachowadai wasanidi ni kimoja. Romu inapobadilika, emuleta imweleze mchezaji palepale kwenye skrini, kwa sentensi moja tu, kwamba faili hili limeongezwa kwa sababu nakala ya awali ilikuwa pungufu. Usiku ule nilizunguka saa mbili nikidhani diski yangu imeharibika. Sentensi hiyo moja ingenitosha, nami ningekwenda kulala nikiwa na furaha kwamba mchezo ninaoupenda sasa umehifadhiwa mzima.