Siku saba Ulaya: uchague miji ipi?

Mtu akipata likizo ya wiki moja hutaka Paris, Roma, Barcelona na Amsterdam kwa mkupuo. Kila kuhama mji kunakula nusu siku: kufungasha, kukimbilia stesheni, kisha kukaa na mabegi kwenye mapokezi kwa sababu chumba hutolewa saa tisa alasiri. Ndiyo maana nimepanga miji kwa jozi zinazounganishwa na reli. Uingilie mmoja, utokee mwingine.

Namba moja kwangu ni Paris na Amsterdam. Treni ya haraka huchukua saa tatu na dakika ishirini hivi, katikati ya mji hadi katikati ya mji. Air France na KLM ni kampuni dada na zote hutua Nairobi, kwa hiyo tiketi moja inaweza kukupeleka Paris na kukurudisha kutoka Amsterdam. Njiani kuna Brussels. Shuka saa chache, nenda Matongé, mtaa wa Wakongo, ukale pondu (kisamvu) na usikie Kilingala na Kiswahili barabarani. Angalia kalenda kabla hujalipa: Louvre hufungwa Jumanne, na tiketi za nyumba ya Anne Frank huuzwa mtandaoni tu, zikifunguliwa kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele. Amsterdam nayo hutoza wageni kodi ya asilimia 12.5 juu ya bei ya chumba. Lala usiku mwingi zaidi Paris.

Pili, Roma na Florence, mwendo wa saa moja na nusu. Kwa anayependa kutembea kwa miguu, Roma haina mpinzani, na maji ya kunywa ni bure kwenye mabomba ya barabarani. Beba chupa yako. Agosti ikwepe, jua lake si la mchezo.

Mfuko ukiwa mwembamba, Vienna na Budapest. Hutumii hata saa tatu kwenye treni. Lala Budapest zaidi, maana chakula na vyumba ni nafuu kuliko Vienna, na jioni ukajiloweke kwenye maji ya moto ya Széchenyi. Hungaria hutumia forinti, si yuro.

Lisbon naiweka ya nne, tena peke yake, kwa sababu iko pembeni mno kuunganishwa. Lakini mtu wa Malindi au Mombasa atapata kitu pale mtaa wa Belém: kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, limo ndani ya monasteri ya Jerónimos. Nguzo yake ya Malindi tunayo sisi, mifupa wanayo wao.

Ya mwisho ni London na Paris, ingawa ndiyo wengi huanza nayo. Uingereza haimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaomba viza mbili na kulipa ada mbili.

Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, hairudishwi ukikataliwa. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingilia. Bima iwe ya angalau yuro 30,000. Hoteli chagua zinazokubali kufutwa bila faini, mpaka pasipoti irudi mkononi.