TV ya inchi 55: nilivyochagua kati ya LED, QLED, Mini LED na OLED

Kipindi cha pili cha mechi kilikuwa hakijafika mbali, TV yetu ikapoteza picha. Sauti ikabaki. Mtangazaji anapiga kelele, mashabiki wanaimba, na kioo ni cheusi ti. Tukahangaika na rimoti, tukazima ukutani, tukawasha tena, nembo ikaonekana sekunde moja ikapotea. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyechukua tochi ya simu akaisogeza karibu kabisa na kioo. Akaniita, "Mama njoo uone, wachezaji wapo!" Nikainama. Kweli walikuwapo. Ndani ya kile kiduara cha mwanga, watu wadogo wa rangi hafifu walikuwa wanakimbia kwenye nyasi. Picha ilikuwa inaendelea kama kawaida. Kilichokufa ni taa.

Fundi aliyekuja kesho yake aliifungua pale pale sebuleni na kunionyesha. TV tunazoziita LED ni kioo cha LCD kilichowekewa taa nyuma. Kioo chenyewe hakitoi mwanga wowote, kazi yake ni kuuzuia au kuupitisha, nukta kwa nukta. Taa zimepangwa kwenye vipande virefu mfano wa rula, na zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo ikifa moja mstari wote unazima. Akabadilisha vipande, nikamlipa, ikadumu miezi minne. Zilipokufa mara ya pili nilisema basi. Zamu yangu kwenye mchezo wetu wa kuchangiana fedha ilikuwa imefika, nikatenga milioni mbili, nikasema safari hii sinunui kwa kuangalia ukubwa na bei tu kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Jumamosi nikaenda Kariakoo. Kabla sijamaliza hata kuvuka Msimbazi nilikuwa nimeshapata winga, yaani dalali wa mitaani, kijana mwepesi, mchangamfu, anayejua kila duka. "Dada yangu, chukua QLED, ndiyo OLED mpya hiyo." Nilimwamini kwa muda wa duka moja na nusu. Herufi hizi zinawachanganya wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo niliseme hili vizuri. QLED bado ni LCD yenye taa nyuma, ndugu wa damu wa ile iliyokufa sebuleni kwangu. Tofauti ni kwamba kati ya taa na kioo kuna utando wenye chembe ndogo mno zinazopokea mwanga wa bluu na kuutoa ukiwa mwekundu safi au kijani safi. Chembe hizo si maneno ya matangazo: wanasayansi watatu waliozigundua na kuziendeleza walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Rangi zake kweli zinang'aa, khanga nyekundu inaonekana nyekundu hasa. Ila weusi wake, kama taa zimewekwa pembeni tu, ni ule ule wa TV ya kawaida.

OLED ni ukoo mwingine kabisa. Haina taa nyuma. Kila nukta inajiwakia na kujizima yenyewe, na kwenye kioo cha 4K nukta hizo ni kama milioni 8.3. Nukta ikitakiwa kuwa nyeusi, inazima. Basi.

Mini LED inarudi kwenye ukoo wa LCD, ila taa za nyuma zimefanywa ndogo sana na nyingi sana, zikagawanywa kwenye maeneo. Sehemu ya picha yenye giza, taa za eneo hilo zinapungua au kuzima, na eneo la jirani linawaka kwa nguvu zote.

Maelezo hayo nilikuwa nayo kichwani, lakini kununua nilinunua kwa macho. Nilikwenda na flashi yangu. Dukani TV zote zinachezeshwa video moja ya maua, samaki na majengo ya usiku, imepigwa kwa ubora ambao hakuna king'amuzi kitakachokuletea, na kila TV imewekwa kwenye mng'ao wa juu kabisa. Hapo hata TV mbaya inapendeza. Kwenye flashi yangu nilikuwa na vitu vinne: dakika mbili za mechi ya ligi yetu kwa ubora wa kawaida, kipande cha tamthilia cha usiku, picha ya kijivu tupu, na picha nyeusi yenye mwezi mdogo mweupe katikati. Hii ya mwisho niliitengeneza mwenyewe kwenye simu, na ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko winga na makaratasi yote ya kwenye maboksi.

Nilimwomba muuzaji azime taa za ile kona. Kwenye LED ya kawaida mwezi ulikuwa umekaa juu ya majivu. Kioo kizima kilikuwa na ukungu wa kijivu, na kwenye pembe za chini palikuwa na mabaka yanayovuja mwanga. QLED ya taa za pembeni, vivyo hivyo, afadhali kidogo. Kwenye Mini LED kulikuwa na weusi wa kweli kwenye kingo, ila mwezi ulizungukwa na shada la mwanga, kama mwezi wa siku yenye mawingu mepesi. Halafu OLED. Jamani. Fremu ya TV ilipotea. Sikuona kioo kinaanzia wapi wala kinaishia wapi, nikaona mwezi umening'inia ukutani. Nilisimama pale muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, nikufungie?"

Sikuinunua. Bei yake ilikaribia mara mbili ya fedha nilizokuwa nazo, lakini nasema kwa moyo mmoja kwamba hata ningekuwa nazo ningesita, na sababu zote ziko ndani ya nyumba yangu.

Ya kwanza ni jua. Sebule yetu hapa Tabata ina madirisha mawili makubwa upande wa magharibi, na kwa joto la Dar pazia hatufungi, tunahitaji upepo. Mechi nyingi za ligi zinaanza saa kumi jioni, wakati ambao jua linaingia ndani moja kwa moja mpaka kwenye zulia. OLED ikionyesha kitu kidogo chenye mwanga inawaka vizuri sana, ila picha ikiwa yote ni angavu, mfano uwanja mzima wa nyasi mchana, inalazimika kupunguza mwanga wake. Kwenye Mini LED shida hiyo ni ndogo, taa zake zina nguvu ya kushindana na dirisha.

Ya pili ni mama mkwe wangu. Anakaa nasi, na TV ni rafiki yake kuanzia asubuhi mpaka alasiri, chaneli moja, nembo ile ile kwenye kona ile ile, utepe wa habari ule ule chini. Mjomba wangu aliwahi kuwa na TV ya plasma, ambayo nayo kila nukta ilikuwa inajiwakia. Ukizima ukatazama kioo kwa pembeni, nembo ya chaneli ya habari ilikuwa bado ipo, imeganda kama alama ya kikombe cha moto kwenye meza ya mbao. Plasma hazitengenezwi tena, Panasonic, Samsung na LG wote walikuwa wameziacha kufikia mwisho wa 2014, lakini kioo kile sijakisahau. OLED za siku hizi zina ulinzi: zinasogeza picha kidogo kidogo bila wewe kujua, zinafifisha nembo zisizotembea, na zikizimwa kwa rimoti zinajifanyia usafi wa ndani ili nukta zote zibaki sawa.

Sasa hapo kwenye usafi ndipo penye sababu ya tatu, na sijaona wauzaji wakiitaja. Usafi huo unafanyika wakati TV imezimwa kwa rimoti lakini umeme bado unaingia. Sisi kwetu, na nyumba nyingi ninazozijua, ikifika saa ya kulala tunazima swichi ukutani. Mvua ikianza kuguruma tunachomoa plagi. Umeme wenyewe unaweza kukatika saa mbili usiku ukarudi saa sita. TV ya namna hiyo inataka iachwe kwenye umeme ijitunze, na nyumba yetu haijazoea kuacha kitu kwenye umeme.

Kama wewe una chumba chenye mapazia mazito, unatazama filamu usiku peke yako au na mwenzako, na hauna chaneli ya kushinda nayo kutwa, OLED chukua bila kuuliza mtu. Nilichokiona kwenye ile kona ya duka sijakiona kwenye kioo kingine chochote.

Nikachukua Mini LED ya inchi 55 kwa 1,950,000, risiti ya EFD mkononi, waranti ya miaka miwili imegongwa muhuri mbele yangu. Kabla ya kulipa niliwasha ile picha ya kijivu tupu kwenye TV yenyewe niliyokuwa naondoka nayo, siyo ile ya maonyesho, nikatafuta mabaka na nukta zilizokufa. Muuzaji alinuna kidogo kwa sababu ya kufungua boksi, ila alikubali. Kirikuu ikaniletea mpaka mlangoni, TV imesimama wima kama inavyotakiwa, mume wangu ameishika njia nzima. Gadi ya umeme niliinunua siku hiyo hiyo.

Huu ni mwezi wa nane tangu niinunue. Mchana, hakuna malalamiko. Saa kumi na moja jioni, jua ndani, namba za jezi zinasomeka kutoka jikoni. Rangi za ngozi zetu zinaonekana zilivyo, jambo ambalo TV ya zamani haikuliweza, watu wote ilikuwa inawafanya kama wamepakwa udongo mwekundu. Lakini hilo sikulipata siku ya kwanza. Ilikuja ikiwa imewekwa kwenye mng'ao wa dukani, nyasi kijani cha plastiki. Nikaihamishia kwenye mpangilio wa sinema, nikaongeza mwanga kidogo kwa ajili ya mchana, na nikazima ule ulainishaji wa mwendo unaofanya tamthilia ionekane kama imerekodiwa na kamera ya harusi. Kwa mpira nimeuacha kidogo.

Usiku, lile shada la mwezi nililiona tena, ila sasa limezunguka ubao wa matokeo. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwetu zinaanza saa nne au saa tano usiku, taa tumezima ili watoto walale, na ukitazama pembe ya juu unaona ukungu mwepesi kuzunguka namba nyeupe. Sababu yake naielewa: TV yangu ina karibu maeneo 300 ya taa, na nukta ni milioni 8.3, kwa hiyo eneo moja linabeba nukta zaidi ya elfu ishirini. Haliwezi kuwasha namba peke yake bila kuangaza jirani zake. Ukiwasha taa ndogo nyuma ya TV, ukungu huo unatoweka machoni. Nimefanya hivyo.

Kilichoniumiza ni kitu nilichokijua nikakipuuza. Kiti cha mama mkwe kiko pembeni, chini ya dirisha, na wiki ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, TV yako nzuri, lakini mbona watu wamepauka?" Nikaenda kukaa pale alipokaa. Kweli, wamepauka. Vioo vya LCD viko vya namna mbili kubwa. VA ina weusi mzuri lakini rangi zinafifia ukiitazama kwa pembeni. IPS inaonekana vizuri kutoka popote, ila weusi wake ni majivu. Yangu ni VA. Dukani nilisimama katikati muda wote, kwa sababu katikati ndipo muuzaji anapokusimamisha. Nyumba zetu hatuketi katikati. Siku ya mechi kuna watu kwenye makochi, kwenye mkeka, wengine mlangoni wamesimama. OLED ingewatendea haki wote hao, na hapo naipa alama zake. Tulichofanya ni kuhamisha kiti cha mama kikaangalia TV uso kwa uso, na kochi la wageni likaenda dirishani.

Na jambo la king'amuzi. Jirani yangu alinunua TV nzuri kuliko yangu, akaja kwangu analalamika kwamba picha imechakaa. Nilikwenda kuangalia nyuma: king'amuzi kilikuwa kimeunganishwa kwa zile waya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, za enzi za TV ya chogo. Waya ile ya njano haiwezi kupitisha picha ya HD hata kidogo. Tukaweka waya wa HDMI, tukaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, nyuso zikarudi. Chaneli ambazo zenyewe zinarushwa kwa ubora mdogo zitabaki na ukungu wake kwenye kioo chochote, na kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo ukungu unavyoonekana zaidi. Sisi tunakaa mita mbili na nusu kutoka kwenye TV. Kwa inchi 55 naona panatosha, nisingepanda zaidi.

Sauti ni hafifu. TV nyembamba haina nafasi ya spika, nimeunganisha sabufa yetu ya zamani.

Ile flashi sasa anayo dada yangu wa Mbagala. Jumamosi anakwenda Kariakoo, na nimemwambia kabla hajapanda daladala akae kwanza kwenye kila kiti cha sebule yake saa kumi jioni, aone jua linaangukia wapi.