Plagi za NGK B5HS kwenye Beetle la 1968: uzoefu wangu wa miezi minane

Hili Beetle niliachiwa na ami yangu. Ni Volkswagen la injini ya sisi 1500, la mwaka 1968, na nimeshalizoea kiasi kwamba likikohoa najua linataka nini. Mwaka jana likaanza kukohoa kohoo nisilolijua. Asubuhi liwake kwa mabembelezo, likipanda Daraja la Nyali lisitesite, na nyuma linanuka petroli mbichi. Nimesafisha kabureta, nimebadilisha pointi (zile zinazokata na kuunga umeme wa cheche), wapi! Zikabaki plagi, zinazotoa cheche ya kuchoma petroli ndani ya injini.

Nikashuka Mwembe Tayari, duka moja la spea nisilolitaja. Nikasema nataka plagi za Volkswagen la zamani. Muuzaji hakuuliza injini gani, akanipa NGK B6ES nne. "Plagi ni plagi bwana, zote za kumi na nne." Hapo hakudanganya: hesi zake, yaani ile mikato ya skrubu, ni za kipenyo cha milimita 14 na spana ni ileile. Bahati yangu fundi wangu wa Kongowea ni mzee asiyeamini boksi. Alitoa plagi ya zamani, akailaza kiganjani pamoja na ile mpya. Hesi za mpya zilizidi kwa kama nusu ya kifundo cha kidole. "Kijana, hii ukiifunga inakwenda kusalimiana na pistoni."

Tofauti yote iko kwenye herufi moja. Kwa NGK, E ni hesi za urefu wa mm 19, na H ni mm 12.7. Kichwa cha injini ya Beetle kinataka H. Hata kama pistoni haitaigusa, zile hesi zilizochungulia ndani zitaganda masizi, na siku ya kuitoa itakuja na hesi za kichwa, maana kichwa chenyewe ni aluminiamu. Nilirudi dukani, nikaambiwa boksi likishafunguliwa halirudi.

Safari ya pili nikanunua B6HS, na hapa kosa lilikuwa langu mwenyewe. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inapeleka joto haraka kwenye kichwa cha injini. (Kwa Bosch ni kinyume, namba kubwa ndiyo ya moto, kwa hivyo usilinganishe namba za makampuni mawili.) Nikajiambia, Mombasa hii na jua lake, si lazima plagi ya baridi? Baada ya wiki tano nikazifungua: nyeusi, kavu, kama chungu cha jikoni. Plagi haihesabu jua la nje, inahesabu kazi ya injini. Ncha yake inahitaji kufika kama nyuzi 450 ili ichome masizi yake yenyewe, na gari langu mimi maisha yake ni foleni ya feri ya Likoni, injini ikinguruma bila kwenda popote. Haikupata moto wa kujisafisha.

Ndipo nikafika kwenye B5HS, shilingi 400 kila moja. Kabla ya kulipa nilijaribu kuzungusha washa, ile pete ya chuma iliyovalishwa juu ya hesi, kwa vidole. Ikitoka kirahisi, weka chini uondoke, kwa sababu ya NGK halisi haichomoki hivyo. Mwanya wa nchani, pale cheche inaporuka, niliupima kwa geji, mm 0.7. Kuzifunga, fundi huchomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuizungusha kwa huo mpira mpaka ishike hesi, spana baadaye, na injini ikiwa imepoa kabisa. Ile ya silinda ya tatu imejificha mbele kwenye bati, utaitukana kidogo. Lakini ndiyo ya kuichunguza kwanza, kwa sababu kwenye injini za umri huu kipoza oili kinaizibia upepo na inapata joto kuliko wenzake.

Miezi minane sasa. Linawaka mara ya kwanza, daraja linapanda bila kubembelezwa, na nikizitoa ncha zina rangi ya chai ya maziwa. Kwa safari ndefu ya kwenda Nairobi mchana kutwa huzirudisha zile B6HS nilizozisafisha. Fundi anasema najisumbua, lakini mimi hulala vizuri zaidi hivyo. Lawama yangu ni moja: chuma cha nje kimeshaanza kutu kwa hewa hii ya chumvi, ingawa kazi bado kinafanya. Kuna aliyenishauri plagi za iridiamu, zenye ncha ya madini hayo magumu. Bei ni mara kadhaa ya hizi, na kwa injini ya kabureta na pointi sikuona zitanipa nini.

Zile B6ES nne bado ziko ndani ya kopo la Blue Band. Mwenye gari la mm 19 anaweza kuzipata kwa nusu bei, washa hazijaguswa.